Mbunge wa Chuo Kikuu: kiti hiki kilitoka wapi, na kwa nini kilifutwa?

Msomaji wa Morogoro (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Juma lililopita nilikuwa nikisoma habari za maisha ya Isaac Newton, nikakuta sentensi isemayo kwamba mwaka 1689 alichaguliwa kuwa mbunge wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Nilidhani mfasiri ameteleza, na kwamba alikusudia kusema mbunge wa mji wa Cambridge ambaye pia alikuwa mwalimu chuoni. Nilipofuatilia nikaona kwamba mfasiri hakukosea: mji ulikuwa na wabunge wake, na chuo nacho kilikuwa na wabunge wake wawili, na mambo yakaendelea hivyo hadi uchaguzi mkuu wa 1950.

Hapa Tanzania tumezoea kusikia habari za wabunge wa viti maalumu wanaopatikana kupitia kundi la vyuo vikuu ndani ya chama, lakini hao hawachaguliwi na wahitimu wenyewe. Kinachonishangaza katika kiti cha Waingereza ni kwamba jimbo halikuwa na ardhi wala mipaka, kwa kuwa mpigakura alitambulika kwa shahada yake, awe anaishi London au kijijini.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie. Ni nani hasa alikuwa na haki ya kupiga kura? Je, ni kweli kwamba msomi alipiga kura chuoni kisha akapiga tena nyumbani kwake? Na je, wabunge hao walifanya jambo lolote la maana, au walikuwa pambo la Bunge tu?

Mwalimu mstaafu wa historia, Tanga

Ndugu yangu wa Morogoro, umeuliza swali zuri, na nitalijibu kwa kuanzia mwanzo, maana bila mwanzo huo mambo ya baadaye hayaeleweki.

Viti hivi vilitolewa na Mfalme James wa Kwanza mwaka 1603, viwili kwa Oxford na viwili kwa Cambridge. Hoja iliyotolewa wakati ule ilikuwa ya kawaida kabisa kwa mawazo ya zama hizo. Vyuo vilikuwa na mashamba, majengo, mapato na kanuni zao, na Bunge lilikuwa likipitisha sheria zilizogusa mambo hayo pasipo kuwamo mtu wa kulieleza jinsi vyuo vinavyoendeshwa. Bunge la siku hizo halikuwa la kuwakilisha watu mmoja mmoja kama tunavyolielewa leo. Liliwakilisha jumuiya, yaani kaunti, mji au bandari, na chuo kilihesabiwa kuwa jumuiya mojawapo. Miaka 10 baadaye, mwaka 1613, Chuo cha Trinity cha Dublin nacho kilipewa viti viwili katika Bunge la Ireland.

Waliopiga kura hawakuwa wanafunzi, na hapo ndipo wengi hukosea. Kwa Oxford na Cambridge haki hiyo ilikuwa ya wenye shahada ya udaktari wa kitaaluma na wenye shahada ya uzamili. Zaidi ya hayo, kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kupata shahada katika vyuo hivyo viwili bila kukiri imani ya Kanisa la Uingereza. Vikwazo hivyo vilianza kulegezwa katika miaka ya 1850, na sheria ya kuviondoa kwa upana ikaja mwaka 1871. Mkatoliki, Myahudi na Mprotestanti asiye Mwanglikana, hata angekuwa msomi wa namna gani, hakuwa na sauti katika kiti hicho. Sehemu kubwa ya wapigakura walikuwa makasisi waliotawanyika katika parokia za mashambani, na kwa sababu hiyo kiti cha Oxford hasa kiligeuka kuwa ngome ya Kanisa.

Newton mwenyewe aliingia bungeni kwa mlango huo wa dini. Mwaka 1687 Mfalme James wa Pili alikiamuru Chuo cha Cambridge kimpe shahada mtawa wa Kibenediktini, Alban Francis, bila kiapo kilichotakiwa. Chuo kikakataa, na Newton alikuwa miongoni mwa wajumbe waliotumwa kutetea msimamo huo mbele ya makamishna wa mfalme. Mfalme alipoanguka mwaka uliofuata, wenzake Newton chuoni walimkumbuka wakamchagua. Alichaguliwa tena mwaka 1701, na alipojaribu mara nyingine mwaka 1705 alishindwa.

Visa viwili vya Oxford vitakuonyesha jinsi wapigakura hao walivyokuwa wakali. Robert Peel alikuwa mbunge wa chuo tangu 1817, na alipendwa kwa kuwa alipinga Wakatoliki kuruhusiwa kuingia bungeni. Mwaka 1829, akiwa waziri wa mambo ya ndani, alitambua kwamba kuendelea kuwazuia kungeitumbukiza Ireland katika machafuko, akabadili msimamo. Kwa uungwana alijiuzulu kiti chake ili aombe upya ridhaa ya wahitimu, nao wakamnyima: Sir Robert Inglis alipata kura 755 dhidi ya 609 za Peel. Ilibidi Peel atafutiwe kiti kingine katika mji mdogo wa Westbury ndipo arudi bungeni kuitetea sheria ile.

Kisa cha pili ni cha William Gladstone, mbunge wa Oxford tangu 1847. Mwaka 1861 ilipitishwa sheria iliyowawezesha wahitimu kupiga kura kwa njia ya posta, na hao ndio waliokuwa wa kwanza Uingereza kufanya hivyo. Sheria hiyo iliwafikishia karatasi za kura wale makasisi wa mashambani ambao awali nauli na masafa viliwazuia, na mwaka 1865 wakamwangusha Gladstone kwa sababu ya mwelekeo wake wa mageuzi. Alihamia Lancashire ya Kusini, akawaambia wapigakura wa huko kwamba sasa amefunguliwa kinywa. Miaka mitatu baadaye alikuwa Waziri Mkuu, na mwaka 1869 akaliondolea Kanisa la Kianglikana la Ireland hadhi ya kuwa kanisa la dola. Nimewafundisha wanafunzi kisa hiki kwa miaka mingi, na sijaacha kukiona kuwa kizito: chuo kilimfukuza mtu kwa kuhofia mageuzi, na kwa kumfukuza kikamwondolea kizuizi pekee kilichokuwa kikimchelewesha.

Mwanasheria wa Mombasa

Shikamoo Mwalimu. Umeeleza vyema, nami nitaliendea lile swali la kura mbili, kwa sababu ndilo lililokimaliza kiti hiki.

Ndiyo, mhitimu alipiga kura mara mbili. Sheria ya uwakilishi ya 1918 ilitamka kwamba mtu asizidishe kura mbili katika uchaguzi mkuu mmoja: moja kwa makazi yake, na ya pili ama kwa biashara aliyo nayo katika jimbo jingine, ama kwa shahada. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyopanua viti vyenyewe. Chuo Kikuu cha London kilikuwa na mbunge tangu 1868, na vyuo vya Scotland vilikuwa na wawili tangu mwaka huo. Sasa vyuo vinne vya Scotland viliunganishwa na kupewa watatu, Wales ikapata mmoja, Belfast mmoja, na vyuo vya miji ya viwanda kama Manchester, Leeds, Birmingham na Liverpool vikaunganishwa kuwa jimbo moja lenye wabunge wawili. Baada ya sehemu kubwa ya Ireland kujitenga, Baraza la Makabwela, yaani baraza la wabunge wa kuchaguliwa la Uingereza, lilibaki na wabunge 12 wa vyuo.

Wanawake wahitimu waliotimiza miaka 30 waliandikishwa pia, na hata wale waliofaulu mitihani katika chuo ambacho hakikuwapa wanawake shahada walihesabiwa. Cambridge haikuwapa wanawake shahada kamili hadi 1948, kwa hiyo kwa miaka 30 kulikuwa na wanawake ambao sheria ya nchi iliwatambua kuwa wapigakura wa chuo ambacho chenyewe hakikuwatambua kuwa wahitimu wake.

Chama cha Labour hakikuipenda kura ya pili hata kidogo. Serikali yake ilijaribu kuvifuta viti hivi mwaka 1931, ikashindwa bungeni kwa tofauti ya kura 4. Mwaka 1944 mkutano wa vyama vyote ulioongozwa na Spika ulipendekeza vibakizwe, lakini Labour ilipopata wingi mkubwa mwaka 1945 iliona haifungwi na makubaliano hayo, na kwa sheria ya 1948 ikafuta kwa pamoja kura ya biashara na viti vya vyuo. Churchill alilalamika kwamba ahadi imevunjwa, na chama chake kikaahidi kuvirudisha. Kiliposhinda mwaka 1951 hakikufanya hivyo.

Mimi naunga mkono kufutwa kwake bila kusita, na sababu yangu iko hapahapa kwetu. Mwaka 1957, miaka saba tu baada ya Waingereza kuondoa kura ya ziada kwao, Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wawakilishi 8 wa Baraza la Kutunga Sheria. Utaratibu uliotokana na ripoti ya Walter Coutts uliwapa baadhi ya wapigakura kura hadi tatu, kwa kupima elimu, kipato, mali na utumishi wao, ilhali Wakikuyu, Waembu na Wameru walidaiwa kwanza hati ya utiifu. Tanganyika, katika uchaguzi wa 1958 na 1959, aliyetaka kuandikishwa alipaswa kuwa na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa uliotambuliwa. Wazo lililokwisha kukataliwa London, kwamba aliyesoma anastahili sauti kubwa zaidi, lilisafirishwa na kutumiwa dhidi ya mama zetu waliouza samaki na baba zetu waliolima. Mtu akiniambia kiti cha chuo kilikuwa na faida zake, humsikiliza kwa heshima, lakini namwomba akumbuke daftari lile la wapigakura.

Mhadhiri, Nairobi

Wakili, hoja yako ni nzito, na kuhusu 1957 sina la kuipinga. Hata hivyo naomba tusiufunge mjadala kabla ya kumjibu mwanzisha mada swali lake la mwisho, kwa sababu katika miaka 30 ya mwisho kiti hiki kilifanya jambo ambalo viti vingine havikuweza.

Sheria ya 1918 iliweka katika majimbo ya vyuo yenye wabunge zaidi ya mmoja utaratibu wa kura inayohamishika. Mpigakura aliwapanga wagombea kwa namba, 1, 2, 3 na kuendelea, na kura yake ikihamia kwa anayefuata endapo chaguo lake la kwanza ama limetolewa, ama limekwisha kupata kura za kutosha. Katika utaratibu wa namna hiyo mtu hana hofu ya kupoteza kura kwa kumchagua asiye na chama. Tena kampeni ilifanyika kwa barua zaidi kuliko kwa mikutano, hivyo mgombea hakuhitaji magari wala matawi ya chama. Matokeo yake, mgombea binafsi, yule ambaye sheria ya Tanzania bado haimruhusu ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa hukumu ya kumtetea mwaka 2013, alipata nafasi halisi ya kushinda.

Mfano ulio bora kwangu ni Eleanor Rathbone, aliyechaguliwa mwaka 1929 na vyuo vya Uingereza vilivyounganishwa, akakishikilia kiti hicho hadi alipofariki Januari 1946. Hakuwa na chama. Kwa miaka mingi alidai serikali itoe posho kwa ajili ya watoto, na mwaka 1945, sheria ilipokaribia kupita ikiwa imeandikwa kwamba fedha atapokea baba, alipambana hadi ikabadilishwa apokee mama. Malipo yalianza Agosti 1946, shilingi 5 kwa wiki kwa kila mtoto baada ya wa kwanza, naye hakuishi kuyaona. Mwingine ni A. P. Herbert wa Oxford, aliyeingia mwaka 1935 akiwa mgombea binafsi na kufanikisha sheria ya talaka ya 1937. Kabla ya hapo uzinzi ndio uliokuwa sababu inayokubalika ya kuvunja ndoa mahakamani; sheria yake ikaongeza ukatili, kutelekezwa kwa miaka mitatu, na wendawazimu usiotibika. Vyama vikubwa vilikuwa vikiukwepa mswada wa namna hiyo kwa kuyaogopa makanisa.

Rathbone anatugusa Wakenya kwa namna nyingine, nami siwezi kuipita kimya. Desemba 1929, yeye na mbunge mwenzake, Duchess wa Atholl, waliinua katika Baraza la Makabwela suala la ukeketaji wa wasichana miongoni mwa Wakikuyu, wakati ambapo mgogoro kati ya misheni na wazee ulikuwa umepamba moto huko nyumbani na shule za kujitegemea zilikuwa zikianza kuchipuka. Jomo Kenyatta, katibu mkuu wa Kikuyu Central Association, chama cha kutetea haki za Wakikuyu, alikuwa London siku hizo akijaribu kupata watu wa kumsikiliza juu ya ardhi. Mimi ni mwanamke wa Kikuyu na ninaipinga desturi ile kwa moyo wangu wote, na nashukuru kwamba kulikuwa na mbunge aliyesema wazi jambo ambalo wanaume wa pande zote mbili walitaka linyamaziwe. Lakini pia naona kwamba aliyezungumza kwa ajili ya bibi zetu alichaguliwa na wahitimu wa Manchester na Leeds, na kwamba bibi zetu wenyewe hawakuwa na mtu wa kumpigia kura popote duniani.

Msomaji wa Morogoro

Nawashukuru sana, wazee wangu na dada yangu. Sikutarajia kwamba swali lililoanza na Newton lingefika Kenya na Tanganyika. Nina nyongeza moja: je, kiti cha namna hii kilikufa kabisa mwaka 1950, au kiliendelea mahali pengine?

Mwana wa Unguja, Dublin

Ndugu, ninakoishi mimi hakijafa. Ireland ilipojitenga iliendelea kuwapa wahitimu viti katika Dáil, yaani baraza la chini la Bunge la huku, vitatu kwa Trinity na vitatu kwa Chuo Kikuu cha Taifa. Viliondolewa kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 1936, lakini katiba mpya ya 1937 ikaviweka viti sita kama hivyo katika Seneti. Mary Robinson alikuwa seneta wa Trinity kuanzia 1969 hadi 1989, kisha akawa rais wa kwanza mwanamke wa nchi hii, na jitihada zake za kuhalalisha uzazi wa mpango alizianzia katika kiti hicho.

Jambo linalostahili kufahamika ni hili. Mwaka 1979 wananchi walipiga kura ya maoni kuruhusu wahitimu wa vyuo vingine nao waingizwe, na kwa zaidi ya miaka 40 Bunge halikutunga sheria ya kulitekeleza. Ilibidi mhitimu mmoja aende mahakamani, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kuwabagua wahitimu wa vyuo vingine ni kinyume cha katiba. Sheria ya kuunda jimbo moja la vyuo vyote ikafuata mwaka 2024.

Ng'ambo ya mpaka, Bunge la Ireland ya Kaskazini lilikuwa na viti vinne vya Chuo cha Queen's cha Belfast hadi 1969. Sheelagh Murnaghan, aliyeingia kwa kiti hicho mwaka 1961, ndiye Mliberali pekee aliyewahi kuchaguliwa katika Bunge hilo, na mara nne alipeleka mswada wa haki za binadamu wa kuzuia ubaguzi wa kidini, na mara zote nne ukakataliwa. Muda mfupi baadaye machafuko yakaanza. Nikipita Belfast humfikiria mama huyo.

Karibu na kwenu, Seneti ya Rwanda ina wajumbe wawili kutoka vyuo vikuu, mmoja wa vyuo vya umma na mmoja wa vyuo binafsi, wanaochaguliwa na wanataaluma.

Mwanasheria wa Mombasa

Niongezee Sudan, kwa kuwa huko ndiko Afrika ilikojaribu jambo hili kwa uzito kuliko kwingine ninakokufahamu. Uchaguzi wa 1953 ulikuwa na viti 5 vya wahitimu, na neno hilo lilimaanisha hata aliyemaliza sekondari. Viliondolewa mwaka 1958, vikarudi vikiwa 15 mwaka 1965. Chama cha Kikomunisti kilichukua 11 kati ya hivyo, na kwa njia hiyo Fatima Ahmed Ibrahim akawa mwanamke wa kwanza kuingia katika Bunge la Sudan. Kabla mwaka haujaisha chama chake kilipigwa marufuku na wabunge wake kufukuzwa. Mwaka 1986 viti vilikuwa 28, na safari hii chama cha Kiislamu cha Hassan al-Turabi kilinyakua 23, karibu nusu ya viti vyake vyote bungeni. Miaka mitatu baadaye watu wake walikuwa nyuma ya mapinduzi ya kijeshi. Kiti kilekile, wapigakura walewale waliosoma. Mara ya kwanza kilielekea kushoto na mara ya pili kulia, na mara zote mbili wananchi wa vijijini walibaki wakiangalia.

Mwalimu mstaafu wa historia, Tanga

Wakili, marahaba, na ahsante kwa habari za Sudan, ambazo sikuwa nazo kwa ukamilifu huo. Nami nimekumbuka jambo moja nilipokuwa nikiwasoma. Mwalimu Nyerere aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949, wakati chuo hicho kikiwa bado sehemu ya jimbo la vyuo vya Scotland. Mmoja wa wabunge wa jimbo hilo alikuwa Sir John Anderson, aliyekuwa waziri wa fedha wakati wa vita; na mwaka 1945 walimchagua pia John Boyd Orr, aliyeondoka muda si mrefu kwenda kuliongoza shirika jipya la chakula la Umoja wa Mataifa. Februari 1950, Mwalimu akiwa katika mwaka wake wa kwanza huko, Uingereza ilifanya uchaguzi wake mkuu wa kwanza ambao kila mtu alikuwa na kura moja tu. Alipopata shahada yake mwaka 1952, shahada hiyo haikumpa mtu yeyote kura ya pili.